Samaki wa Magadi hawaishi ziwani: namna ya kuzitembelea chemchemi bila kuziharibu

Kila anayepanga safari ya Magadi kutoka Nairobi huuliza kama kweli kule kuna samaki. Wapo, lakini ukiwatafuta ziwani penyewe hutawaona. Sehemu kubwa ya Ziwa Magadi si maji bali ni ganda la trona, yaani magadi yaliyoganda, ambalo kwingine lina unene wa makumi ya mita. Samaki wako pembeni, kwenye chemchemi za maji moto na vidimbwi vinavyotokana nazo, katika ukanda ambao mahali pengine unauvuka kwa hatua chache tu. Karibu makosa yote ya wageni hutokana na kutolijua hilo. Mtu anajihadhari asiharibu ziwa, kumbe miguu yake iko juu ya makazi ya samaki ambaye kwa asili hapatikani kwingine kokote duniani.

Samaki huyo ni aina ya tilapia mdogo, kwa kawaida hazidi sentimita 10, anayejulikana kisayansi kama Alcolapia grahami. Ziwa Natron, ng'ambo ya mpaka upande wa Tanzania, lina jamaa zake watatu. Zamani, kadiri ya miaka 10,000 iliyopita, Magadi na Natron zilikuwa ziwa moja kubwa lenye maji mengi. Maji yalipopungua, samaki walibaki wamekwama kwenye chemchemi, kila kundi na lake, na wale waliovumilia joto na magadi ndio waliozaa hawa wa leo.

Maji yanatoka wapi, na kwa nini yanachoma

Magadi iko kwenye sakafu ya Bonde la Ufa, mita 600 hivi juu ya usawa wa bahari, zaidi ya kilomita moja chini ya Nairobi. Mvua ni haba na jua hukausha maji mengi kuliko yanayonyesha. Hakuna mto wa kudumu unaoingia ziwani. Kinacholiweka hai ni chemchemi zinazotiririka kutoka kingoni.

Maji ya mvua huzama kwenye nyufa za bonde, hupita katika miamba ya volkano yenye joto na kuchota sodiamu na kabonati. Kalsiamu na magnesiamu hutengana na maji hayo mapema na kubaki njiani ardhini. Yanayotokeza juu ni maji mazito ya sodiamu, na kwa kuwa bonde halina mkondo wa kutokea, jua linayakausha na magadi yanabaki. Uchimbaji wa magadi hayo kibiashara ulianza mwaka 1911, na kampuni inayochimba leo iko mikononi mwa Tata Chemicals tangu 2005.

Chemchemi hazifanani. Zile za Nasikie Engida, ziwa dogo lililo kaskazini-magharibi, zina joto linalopita nyuzi 80 na zinaunguza ngozi papo hapo. Zile za kusini, ambako wageni wengi hupelekwa kuoga, nyingi zina nyuzi 40 na kitu. Kipimo cha pH, kinachoonyesha asidi au ukali wa magadi, kwenye maji yenye samaki huwa karibu na 10, sawa na maji ya sabuni ya mche. Bahari ya Mombasa ina pH ya 8 na ushei. Pengo hilo la namba mbili linaonekana dogo, ila kila namba moja kwenye kipimo hicho ni mara kumi.

Samaki anaishije humo

Hapa ndipo panapohitaji kuelezwa taratibu, maana mwongozaji asiyeyajua haya hawezi kuwaeleza wageni kwa nini anawakataza wanachokatazwa.

Samaki wengi hutoa uchafu wa mwilini kama amonia, inayotoka kupitia matamvua na kuyeyuka majini. Njia hiyo inategemea maji yaliyo nje yaipokee amonia na kuigeuza mara moja ili isirudi. Kwenye maji ya pH 10 mageuzi hayo hayafanyiki. Amonia hukwama mwilini, na amonia ni sumu. Mtie tilapia wa kawaida kwenye kidimbwi cha Magadi atakufa kwa muda mfupi. Huyu wa Magadi ameikwepa njia nzima: uchafu wake wa naitrojeni anautoa wote kama urea, ile ile iliyomo kwenye mkojo wa binadamu na kwenye mbolea ya gunia. Watafiti walilithibitisha hili kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 1989, na lilistaajabisha kwa sababu samaki wa mifupa aliyekomaa anayeishi majini muda wote huku akitegemea urea peke yake ni jambo la nadra mno.

Lakini urea ina gharama. Mwili hutumia nguvu nyingi kuitengeneza, na joto la maji nalo huuchapukisha mwili wote. Kwa hiyo samaki huyu ni mlaji wa kutwa nzima. Chakula chake kikubwa ni utando wa mwani na sianobakteria unaoota juu ya mawe, ule ule utelezi wa kijani unaomwangusha mgeni anapoingia majini. Ukiusugua kwa nyayo umemwondolea chakula, na watu thelathini wakipita siku moja kwenye kijito chembamba, mawe hubaki meupe.

Ukitazama kwa makini mahali maji yanapotoka mwambani, utaona mpaka uliochorwa na samaki wenyewe. Karibu na mdomo wa chemchemi, kwenye joto wasiloliweza, mwani umejaa mnene. Mbele kidogo, maji yanapopoa kufikia nyuzi 41 au 42, mwani umeliwa hadi jiwe linaonekana. Mstari kati ya sehemu hizo mbili ni kikomo cha uvumilivu wao. Samaki husogea hadi pale pale, huchota na kurudi. Hakuna kitu Magadi kinachostahili kutazamwa zaidi ya mstari huo, na wageni wengi huupita bila kuonyeshwa.

Kuna tatizo la pili, nalo ni hewa. Maji moto hayashiki oksijeni nyingi. Mchana mwani hutengeneza oksijeni hadi kidimbwi kikatoa mapovu. Usiku mwani huo huo huitumia, na kufikia alfajiri maji yanakuwa karibu matupu. Hapo samaki hupanda juu na kugugumia hewa, wakitumia kibofu chao cha hewa kana kwamba ni pafu. Tendo hilo huonekana vizuri alfajiri, kabla jua halijapata nguvu. Ndiyo maana safari ya kwenda na kurudi siku moja, inayowafikisha watu saa nne au saa tano asubuhi, huwakosesha sehemu nzuri kabisa. Anayetaka kuiona alale Magadi mjini au kambini upande wa Olkiramatian, ardhi ya jamii ya Wamaasai.

Madume hulinda vishimo vidogo kwenye mchanga au tope laini, na majike hubeba mayai mdomoni hadi yaanguliwe. Vishimo hivyo viko kwenye maji ya kina cha kifundo cha mguu, yaani pale pale ambapo mtu huona panafaa kuingia kupiga picha.

Kupanga safari kutoka Nairobi

Barabara ni moja: Lang'ata, Ongata Rongai, Kiserian, Kona Baridi, kisha mteremko mrefu kupitia Oltepesi na Olorgesailie hadi Magadi. Ni kilomita 110 hivi, lami yote, ingawa vipande vingine vimechakaa. Hesabu saa mbili na nusu hadi tatu, mradi uwe umeshapita Rongai kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Ukichelewa hapo, foleni itakula saa nzima. Jaza mafuta Kiserian. Hakikisha tairi la akiba lina upepo na jeki ipo, kwa sababu baada ya Oltepesi fundi hayuko karibu na mtandao wa simu hukatika.

Matatu zipo zinazofika Magadi mjini, na kwa mtu mwenye bajeti ndogo zinatosha kumfikisha. Tatizo ni kwamba chemchemi za kusini ziko mbali na mji, kwenye njia ya vumbi na mawe, na si mwendo wa kutembea juani. Itabidi ukodi gari au pikipiki huko huko. Kwa gari lako, lenye tumbo la juu ni lazima ukishauacha mji.

Maji ya kunywa: lita nne hadi tano kwa kila mtu kwa siku, na usikate hesabu hiyo. Mchana joto hukaribia nyuzi 40 na mng'ao wa magadi hukurudishia jua kutoka chini. Chukua tena galoni moja la maji matamu ambalo halitanywewa, la kuoshea macho na vidonda. Vumbi la magadi likiingia jichoni, osha kwa maji mengi mfululizo kwa dakika kumi na tano, usilipikiche. Viatu viwe vya kufunika mguu mzima. Kandambili hazifai kwenye ganda lenye ncha kali.

Msimu una maana kubwa. Kuanzia Machi mwishoni hadi Mei, na tena Novemba, maji ya mvua hutanda juu ya ganda, njia za kusini hugeuka tope, na vidimbwi vingine humezwa. Januari na Februari ni kukavu, samaki wako wazi na ndege wa kuhamahama kutoka kaskazini bado wapo.

Mwongozaji yupi

Magadi si mbuga ya taifa. Hakuna lango la Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) wala tiketi moja ya kukufikisha kila mahali. Ziwa lenyewe limo kwenye eneo la uchimbaji la kampuni, na kwenye kizuizi cha kuingilia mjini utaandikisha jina na namba ya gari. Ardhi inayolizunguka ni ya jamii za Wamaasai, nazo ndizo zenye haki ya kutoza ada kwenye chemchemi. Hapa pana mvutano wa mara kwa mara: mgeni analipa kijana wa kwanza, anafika mbele anaombwa tena. Dawa yake ni kupanga kabla ya kuondoka Nairobi, kujua ni kamati gani inayopokea ada, na kudai risiti. Bei hubadilika, kwa hiyo ulizia wiki ile ile ya safari.

Sisi tunashauri waongozaji wawili. Wa kutoka Nairobi awe na leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, na ikiwezekana cheti cha KPSGA, chama cha kitaaluma cha waongozaji wa safari nchini Kenya, ambacho kina ngazi tatu: shaba, fedha na dhahabu. Huyu anajua ndege, anajua kueleza, na gari ni jukumu lake. Wa pili awe mwenyeji. Yeye ndiye ajuaye ni ganda lipi linabeba mtu na lipi limefunika tope, ni kidimbwi kipi kimetengwa cha kuoga na kipi hakiguswi, na simba walionekana wapi jana upande wa Shompole. Kampuni za mjini zikitaka kupunguza gharama humwacha huyu wa pili, na hapo ndipo magari huzama.

Kabla ya kulipa, muulize mwongozaji wa Nairobi maswali mawili. Atawazuiaje watu kumi wasiingie wote kwa pamoja kwenye kijito? Na watu wataogea wapi? Akijibu kwamba wataoga popote wapendapo, tafuta mwingine.

Upande wa Olkiramatian kuna kituo cha Lale'enok, mali ya wanawake wa jamii hiyo, ambako watafiti na wageni hulala. Kulala hapo kunakupa alfajiri ya samaki na pia ukingo wa Ewaso Ng'iro ya Kusini, mto unaolisha kinamasi cha Shompole kabla ya kuingia Natron. Ukikutana na wazee, salimia kwanza, shauri baadaye. Kwa akina mama wauzao shanga, picha huombwa, haichukuliwi.

Ukifika chemchemini

Gari liachwe juu, kwenye ardhi ya mawe. Usiliendeshe juu ya ganda jeupe hata likiwa na alama za magurudumu ya jana. Ganda hukauka juu huku chini kukiwa na tope jeusi lenye harufu ya yai bovu, na likivunjika gari hukaa kwa ekseli. Ganda jeupe kavu lenye mipasuko lina nafuu kwa miguu; la kijivu au la waridi lenye unyevu lipishe. Karibu na chemchemi zinazotoa mvuke, ganda laweza kuwa jembamba juu ya maji yanayochemka. Watoto washikwe mkono, na mtu asipite mbele ya mwenyeji.

Tembeeni kwa mstari mmoja, watu sita hivi kwa wakati mmoja, mkikanyaga mwamba mkavu. Msogelee maji mkilielekea jua, ili vivuli vyenu vianguke nyuma. Kivuli kikigusa maji samaki wote hutoweka, kwa kuwa adui yao hutoka juu: mwari, korongo na ndege wengine wavuvi. Kisha chuchumaeni na mkae kimya dakika tano. Watarudi. Miwani ya jua inayokata mng'ao husaidia kuliko kamera ya bei mbaya.

Usitie mkono kupima joto. Mwongozaji awe na kipimajoto chenye waya, akitumbukize pembeni na kusoma namba kwa sauti: mdomoni pa chemchemi, kwenye mstari wa mwani, kisha kidimbwini. Namba hizo tatu hueleza maisha ya samaki kuliko hotuba ndefu.

Kuoga ni sehemu iliyotengwa tu, na kabla ya kwenda kutazama samaki popote usijipake krimu ya jua wala mafuta miguuni na mikononi. Vaa mikono mirefu badala yake. Sabuni ni marufuku kabisa. Wengine hujitetea kwamba maji yenyewe tayari ni kama sabuni, lakini hoja hiyo haisimami: ukali wa magadi samaki ameuzoea, ila kemikali za kutoa povu zilizo kwenye sabuni na shampuu huharibu ute unaolinda matamvua, na kidimbwi kidogo hakina maji ya kuzisafisha. Anayeoga asikae zaidi ya dakika kumi au kumi na tano kwenye maji ya nyuzi 40, na mjamzito au mwenye shinikizo la damu au maradhi ya moyo akae nje.

Wapo wanaokuja na mikate kuwalisha samaki. Wapo wanaochota wachache kwenye chupa kuwapeleka nyumbani, ambako hufa, au kuwamwaga kwenye chemchemi nyingine. Hili la mwisho ni baya kuliko linavyoonekana, kwa sababu kila chemchemi ina kundi lake lililojitenga kwa muda mrefu, na kuwachanganya ni kufuta historia isiyoandikwa popote pengine. Tunajua pia kuhamisha samaki hawa kunaweza kubadili ziwa zima. Miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 walipelekwa Ziwa Nakuru kupunguza mbu. Walizaana, na baadaye mwari wakaja kwa maelfu kuwala, ndege ambao awali hawakuwa na cha kuwavuta pale.

Mahali pengine ulimwenguni samaki wa namna hii huzungushiwa ua. Devils Hole, kidimbwi cha maji ya nyuzi 33 hivi katika jangwa la Nevada nchini Marekani, kina ua na kamera. Hata hivyo, mwaka 2016 wanaume watatu waliuruka ua, mmoja akaogelea, na samaki mmoja wa aina hiyo adimu akapatikana amekufa. Aliyeogelea alihukumiwa kifungo. Magadi haina ua. Kinachosimama kati ya samaki na mguu wa mgeni ni mwongozaji peke yake.

Ndege

Flamingo wa aina zote mbili hula Magadi, na mazalio yao makuu Afrika Mashariki ni Natron. Mwaka 1962 Natron ilifurika, wakahamia kuzalia Magadi, na magadi yakaganda miguuni mwa vifaranga kama pete nzito hadi wasiweze kutembea. Watu walijitolea kuzivunja pete hizo kwa mkono na kuokoa maelfu. Leo wanachohitaji ni umbali. Wakiinua shingo zote kwa pamoja na kuanza kutembea upande mmoja, umeshakaribia mno, rudi nyuma. Usirushe droni.

Wapenda ndege wengi huenda Magadi kwa ajili ya mwingine kabisa: Charadrius pallidus, ndege mdogo wa ufukweni mwenye utepe wa hudhurungi kifuani, ambaye nchini Kenya makao yake hasa ni hapa. Hukimbia hatua chache, husimama, hukimbia tena kwenye tope jepesi karibu na barabara ya tuta inayokata ziwa. Mtazame ukiwa ndani ya gari, kwa darubini, huku injini imezimwa. Kama macho yako hayajazoea kutofautisha ndege wadogo wa ufukweni, matembezi ya Jumatano asubuhi ya Nature Kenya, yanayoanzia Makumbusho ya Taifa, Nairobi, ni shule nzuri ya kuanzia.

Mkirudi, siku hiyo hiyo osheni gari chini kwa maji mengi, maana magadi hula chuma na nyaya za breki. Viatu visuguliwe nyayo na kuanikwa hadi vikauke kabisa kabla ya kuvaliwa kwenye chemchemi au kinamasi kingine. Kamera ipanguswe kwa kitambaa chenye unyevu wa maji matamu, si kikavu, kwa kuwa punje za magadi hukwaruza lenzi.